Chiriku Kanyamaza

Mimi nafundisha watu kuendesha gari, na kazi yangu hasa ni kuogopa kwa niaba yao. Nakaa kiti cha abiria, mguu uko juu ya breki ya pili ambayo fundi aliifunga upande wangu, na usoni natabasamu. Mwanafunzi akisahau kioo cha pembeni, mimi nimeshakitazama. Akichelewa kuliona lori, mimi nimeliona tangu likiwa kule kwenye kona. Mume wangu husema ndiyo maana hata nyumbani, gari likikimbia kwenye televisheni, mimi nakanyaga sakafu. Ni kweli, ila hakuna aliyemwomba aseme.

Kwa hiyo hofu naijua, na nimeiona ikikaa kwa watu wa kila aina. Wapo wanaotetemeka, wanaotokwa jasho, wanaobwabwaja, wanaomwita Mungu na mama zao kwa wakati mmoja. Hao hawanisumbui, hao hufaulu. Wanaonitisha ni wanaonyamaza. Mtu akinyamaza ghafla katikati ya barabara, akaukumbatia usukani na kutazama mbele bila kupepesa, najua huyo haoni tena kitu.

Binti yangu alinyamaza siku ya Jumatatu.

Niseme kwanza ni mtoto wa namna gani. Ana miaka kumi na minne, nyumbani tunamwita Chiriku, na jina hilo hakupewa bure. Tangu ajue kusema hajawahi kufikiri kimya. Hesabu anazifanya kwa mdomo, anajigombeza na kujijibu mwenyewe: "Tuseme hii ni sita. Haiwezi kuwa sita. Nani kakwambia ni sita, mjinga wewe? Rudi mwanzo." Akioga, tunasikia sehemu na desimali zikitoka pamoja na maji. Kwenye gari langu alikaa nyuma na kuwafanyia wanafunzi wangu hesabu ya umbali wa kusimama mpaka wakasahau kusimama. Shuleni walimhamishia kona ya nyuma peke yake. Hakuwa mtundu, ila akifikiri yeye, darasa zima lilipata majibu.

Ng'ambo ya mji kuna shule ya sekondari yenye darasa maalumu la hesabu. Wanachagua watoto kwa mtihani kutoka shule zote, kisha wanawapika miaka minne: hesabu asubuhi, hesabu mchana, na likizo wanapewa hesabu za kwenda nazo. Kwenye ubao wa getini limeandikwa jina refu la heshima. Mtaani kwetu wanaliita Tanuri.

Chiriku aliufaulu mtihani huo. Mume wangu ni fundi vioo, ana kibanda chake cha kukatia karibu na kituo cha mafuta, na wiki ile hakuna mteja aliyeondoka na kioo bila kuondoka pia na alama za mwanetu. Mimi nami nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi mpaka nilipopita kwenye duka la dawa.

Pale kona ya mtaa wetu kuna mfamasia ambaye binti yake alikwenda Tanuri kabla ya wetu. Alikwenda kwa vigelegele, na mwaka mmoja baadaye akarudi. Tangu arudi hatoki. Si mgonjwa wa ugonjwa wenye jina. Anakaa ghorofani juu ya duka, nyuma ya pazia lililofunguliwa nusu, na ukipita unaona bega lake. Zamani ndiye aliyekuwa akisoma miandiko ya madaktari iliyomshinda hata baba yake, na alikuwa akiwatania wazee dukani kuhusu vidonge vyao vya presha. Sasa ukimpungia mkono hapungi.

Tanuri wana utaratibu wao. Kabla ya kumchukua mtoto moja kwa moja, wanampa wiki ya kuonja. Anasoma na wenzake Jumatatu hadi Ijumaa, na Ijumaa jioni wazazi wanakwenda kusema mbele ya mwalimu kama mtoto anabaki au anarudi alikotoka. Ukimtoa hapokelewi tena. Kwa hiyo tulikuwa na wiki moja ya kuamua kama tunampeleka mwanetu kwenye bahati yake au kwenye lile dirisha.

Jumatatu nilimfuata getini. Aliingia nyuma, akafunga mkanda, akaweka begi magotini.

"Haya, Chiriku, vipi?"

"Salama."

"Mmefanya nini?"

"Hesabu."

Nikasubiri. Tulipita mzunguko, tukapita soko, tukasimama kwenye taa, na nyuma yangu hapakuwa na sauti yoyote. Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa ametazama mbele, hapepesi.

Jioni alikula kimya, akaosha sahani yake kimya. Mume wangu alifurahi. "Amekua," akaniambia. "Amekutana na wenzake, ameacha utoto." Jumanne ikawa vile vile. Alipoingia kuoga nilisogea nikatega sikio mlangoni kama mwizi, na nilichosikia ni maji tu. Nilirudi jikoni.

Jumatano nilikwenda kwa mfamasia. Sikuwa na la kununua, nikaomba dawa ya kichwa.

"Kinauma tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Alinitazama juu ya miwani. "Wako ameingia kule."

"Yuko kwenye wiki ya kuonja."

Akakiweka kile kipakti mezani, mkono akauacha juu yake. Dukani hapakuwa na mtu mwingine.

"Nikuulize jambo, ndugu yangu, na ukiona vibaya unisamehe," nikasema. "Mlijuaje kwamba hali imekuwa mbaya?"

"Hatukujua," akasema. "Hilo ndilo halinipi usingizi. Alikuwa akirudi anaingia chumbani, anafunga mlango, kimya. Mama yake anasema tusimsumbue, anasoma. Mimi nikajivuna. Nikawa nawanyamazisha wateja humu wasimpigie kelele."

"Na yeye hakusema kitu?"

"Angesema nini? Tulikuwa tunamdaka mlangoni hata viatu hajavua. Umepata ngapi, umekuwa wa ngapi, swali gani limekushinda. Akajifunza neno moja, salama. Tulimwuliza sana, mama, mpaka akaisha."

Nilitaka aseme nimtoe. Nilimwomba waziwazi: "Ungekuwa mimi, ungemtoa?"

"Wapo waliotoka kule wazima, wanacheka. Namjua mmoja, anakuja hapa hapa kununua dawa za bibi yake. Siwezi kukuamulia." Kisha juu yetu dari ililia, mtu amehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Sote wawili tuliinua macho tukasubiri. Haikulia tena. Nikamuaga, nikaondoka bila ile dawa.

Usiku ule ule nilimwambia mume wangu jikoni, "Namtoa."

"Kwa kosa gani?"

"Amenyamaza."

"We mama, miaka yote unamwomba anyamaze. Leo amekusikia, imekuwa kesi?"

"Hunyamazi hivyo ukiwa mzima. Namjua mtu aliyeshikwa na hofu, ndiyo kazi yangu."

"Na mimi najua mtoto anayejifunza." Alikuwa anasugua vumbi la kioo kwenye kucha, hanitazami. "Kitu kigumu lazima kiume. Mchelea mwana kulia hulia yeye, hukuambiwa hilo kwenu?"

"Niliambiwa. Mwulize na mfamasia kama yeye halii."

Aliacha kusugua kucha. Kisha akasema polepole, na hili lilinichoma kwa sababu lilikuwa na ukweli, "Tukimtoa sisi, atajua kwamba tunaona hawezi. Atatembea na hilo maisha yake yote."

"Afadhali ajue hawezi na awe mzima," nikasema.

Nilisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia. Nilipogeuka niliona mlango wa chumba chake, uliokuwa wazi kidogo, ukifungwa taratibu kabisa, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nilikwenda nikasimama pale. Nikamwita. Akasema, "Nimelala, mama." Nami nilikuwa mwoga kiasi kwamba nilikubali kuwa amelala.

Alhamisi jioni nilikwenda kumchukua nikiwa na mwanafunzi kwenye usukani, muuguzi wa wodi ya wazazi ambaye hashtuki kwa damu lakini pikipiki ikipiga honi anafumba macho. Tulisimama ng'ambo ya geti. Watoto wakatoka kwa makundi, mabegi mgongoni, wengine wanacheka, na kucheka kwao kulinitia moyo. Kisha wakatoka mmoja mmoja. Kisha mlinzi akaanza kuvuta geti.

Nilishuka gari likiwa bado linanguruma.

"Nizime?" muuguzi akauliza.

"Zima."

"Na breki ya mkono?"

"Vuta, mwanangu, vuta kila kitu."

Mlinzi alisema wamekwisha. Nikamwambia wangu hajatoka. Akasema labda amepita sikumwona. Nikamwambia binti yangu huwezi kutomwona, kisha nikakumbuka kwamba tangu Jumatatu unaweza kabisa. Sheria ya Tanuri ni kwamba simu zinabaki nyumbani, kwa hiyo sikuwa na hata pa kupiga. Nilimpita mlinzi kabla hajakata shauri kama ananiruhusu.

Ukumbi ulikuwa umepigwa deki, sakafu imelowa, unanuka sabuni ya dawa. Niliteleza nikashika ukuta. Mlango wa darasa ulikuwa wazi, viti vimepandishwa juu ya meza, na mwalimu alikuwa peke yake anafuta ubao. Mwanamke mwembamba, makamo yangu, mkono wa blauzi umejaa chaki mpaka kwenye kiwiko. Nilimtajia mwanangu, akaacha kufuta.

"Aliomba kwenda chooni kipindi cha mwisho," akasema. "Nilidhani alirudi akakaa nyuma."

"Ulidhani?"

"Nilidhani, mama. Nimekosea. Twende tumtafute."

Angejitetea ningepata nafasi ya kumfokea, na kufoka kungenisaidia. Hakujitetea. Alitembea haraka kuliko mimi, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu yenyewe, kwa sababu niliona na yeye ameshikwa.

"Leo kumetokea nini?" nikamwuliza huku tunakimbia.

"Alhamisi huwa tunawapa swali lisilo na njia waliyofundishwa. Wengi hulia."

"Mnawapa makusudi?"

"Makusudi. Bora walie wiki hii, wazazi hawajaamua, kuliko walie mwakani peke yao."

Maktaba ilikuwa imefungwa. Uwanjani palikuwa na mpira mmoja usio na mwenyewe. Mwalimu akaenda kuangalia maabara, mimi nikaona ngazi inayopanda kwenye paa. Sitaki kusema niliwaza nini kwenye zile ngazi. Nilipanda nikijishika ukutani, roho mkononi, na kila hatua nilikuwa nasikia maneno yangu ya jikoni, afadhali ajue hawezi. Mlango wa juu ulikuwa na kufuli kubwa lenye kutu, lililofungwa. Nililitikisa kwa nguvu mara kadhaa kuhakikisha, kisha nikaegemeza paji la uso kwenye ule mlango na kulishukuru kufuli kwa maneno.

Mwalimu aliniita kutoka chini. Vyoo vya wasichana, mlango wa mwisho, umefungwa kwa ndani.

Niligonga. "Chiriku." Kimya. "Chiriku, mama yako." Kimya. Niliinama nikachungulia kwa chini na kuviona viatu vyake, vile vyeusi nilivyovipeleka kwa fundi mwezi uliopita. Vilikuwa vimekaa pamoja, sawasawa. Niligonga tena huku navitazama. Havikusogea hata kidogo.

Sijui nilipandaje. Najua nilikuwa chooni jirani nimesimama juu ya kifuniko, mwalimu amenishika miguu, na kichwa changu kikatokea juu ya ule ukuta wa mbao.

Alikuwa amekaa juu ya kifuniko, karatasi magotini, kalamu imebanwa mdomoni upande mmoja, na masikio ameyaziba kwa vidole viwili. Macho ameyafumba. Uso umevimba kwa kulia. Na midomo ilikuwa inatembea, kwa mnong'ono ambao nje haukufika: "...basi siyo hivyo. Siyo hivyo, mjinga wewe, hiyo umeshajaribu. Rudi mwanzo..."

Nilisema jina lake. Akafumbua macho, akaona kichwa cha mama yake kinaning'inia darini, akapiga ukelele uliomfanya mwalimu aniachie miguu. Nusura nimwangukie.

"Yupo," nilimwambia mwalimu.

"Basi nawaacha," akasema, na sauti yake nayo haikuwa na nguvu. "Nitakuwa nje."

"Fungua mlango," nikamwambia Chiriku.

"Bado."

"Bado nini?"

"Sijamaliza." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Mle ndani haturuhusiwi kuongea. Nikinyamaza sifikiri, mama. Nikaja huku niongee kidogo, halafu sijui muda umekwendaje."

"Umelia."

"Nimelia sana. Hili swali silijui. Silijui hata linaanzia wapi." Alinitazama kama anayenionyesha uvimbe aliougundua mwilini. "Sijawahi kutojua."

"Wenzako wanajua?"

"Wengine. Kuna mmoja alimaliza akaanza kuchora paka."

"Basi imetosha," nikasema. "Kesho nakutoa, mwanangu. Yamekwisha."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani amefarijika, nikaanza kushuka.

"Nilikusikia jana," akasema.

Nikabaki pale pale. "Nilisema vibaya. Nilikuwa naogopa."

"Na mimi naogopa. Naogopa tangu Jumatatu, kila nikiliona geti."

"Kwa nini usiniambie?"

"Ungenitoa." Alisema bila hasira, kama anavyosoma hatua za hesabu. "Nikisema naogopa, unanitoa. Nikisema siogopi, nakudanganya. Kwa hiyo nikanyamaza. Wewe unakanyaga mapema, mama. Hata yule mzee uliyekuwa unamfundisha juzi alisema, nilikuwa kiti cha nyuma nikamsikia. Alisema mwalimu angeniacha ningesimama mwenyewe."

Kwa kawaida mtu akiniambia hivyo namjibu. Nina majibu ya kutosha, nimewajibu wengi. Siku ile, nimesimama juu ya choo, niliuliza tu.

"Unataka kubaki?"

Aliitazama karatasi yake. "Sijui kama nitaweza. Nataka kujua."

"Na ukishindwa?"

"Nitalia."

"Halafu mimi nifanye nini?"

"Usiingie." Sasa alikuwa ananitazama moja kwa moja. "Nikilia nyumbani usiingie chumbani. Usiniulize nimepata ngapi. Usimtume baba. Niache nimalize, nitatoka mwenyewe. Nikikutaka nitakuita."

Niliuona mbele yangu mlango wa mfamasia, na nyuma ya mlango mtoto, na nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole. "Na usiponiita?" nikamwuliza. "Niambie. Usiponiita, mimi nitajuaje?"

Hakunijibu haraka kunifurahisha. Alifikiri, na wakati anafikiri midomo ilitembea kidogo.

"Nitakuita," akasema. "Naapa. Na wewe uape."

Niliapa. Niliapa nikiwa nimeshikilia ukuta wa choo, na ilikuwa ahadi ya kutisha kuliko ya ndoa. Ndipo akafungua mlango.

Ijumaa tulikaa mbele ya meza ya mwalimu, mimi na mume wangu, naye amevaa shati la kutokea. Chiriku alikuwa ukumbini. Nilimwuliza mwalimu bila kuzunguka, "Huyu atavunjika?"

"Sijui."

"Wewe si ndiye mtaalamu?"

"Ndiyo maana nasema sijui." Alikunjua mikono yake mezani, chaki kwenye mistari ya viganja. "Anaweza hesabu, hilo halina shaka. Nitamruhusu anong'one, nitamtafutia pa kukaa. Lakini nilipata mtoto niliyemwamini kuliko wote niliowahi kufundisha. Kila nikipita pale duka la dawa natazama juu. Sikuona dalili, mama. Nilikuwa naye kila siku na sikuona."

Nilisikia mkono wa mume wangu ukiutafuta wangu chini ya meza. Ulikuwa wa baridi. Yeye aliyempigia debe mwanawe mpaka kwa wauza mafuta, sasa alikuwa ameng'ang'ania vidole vyangu, na nikaelewa kwamba wiki nzima alikuwa amejifungia nje ya hofu, na sasa imemfungulia.

"Basi," mwalimu akasema. "Anabaki au anarudi?"

Mume wangu alinigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba nimtoe, wazi kabisa. Ningesema anarudi, asingebisha, na ningelala usingizi.

"Anabaki," nikasema, na sauti haikufanana na yangu.

Wiki iliyofuata wakapewa mtihani wao wa kwanza. Sikumwuliza. Nilimchukua getini, nikaendesha, nikatafuna shavu langu la ndani mpaka nikasikia damu. Tulipofika alivua viatu, akapita sebuleni bila kutazama upande, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Halafu akaanza kulia.

Nilikuwa nimewahi kumsikia akilia kwa kuanguka, kwa kunyimwa, kwa jino. Huku sikukujua. Kulikuwa kwa chini, kwa kukatika katika, kulia kwa mtu mzima. Nilisimama pale ukumbini na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitasa. Niliurudisha. Ukaenda tena.

Mume wangu aliingia akanikuta hivyo, vumbi la kioo linameta kwenye nywele zake.

"Kuna nini?"

"Analia."

"Na wewe umesimama?"

"Niliapa."

Alinipita akashika kitasa. Nikamdaka shati kwa nyuma.

"Niachie."

"Kaa chini."

"Ni mwanangu yule."

"Najua ni mwanao. Kaa chini, baba Chiriku, nakuomba."

Nguvu alizonazo, angetaka angenivuta mimi na mlango pamoja. Lakini aliachia kitasa, akateleza ukutani mpaka sakafuni, na mimi nikakaa kando yake. Tukasikiliza. Kila alipovuta pumzi nilijikaza nikingoja aite, na hakuita, akaendelea. Mume wangu alikuwa ameficha uso kwenye magoti, mabega yanamtikisika. Sikumtania.

Kisha kilio kikakoma, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya. Nilitega sikio, sikusikia kitanda, sikusikia karatasi, sikusikia kitu. Niliwaza dari ya duka la dawa. Nilijiambia ahadi ni ahadi, nikajiambia mama gani huyu anayechunga ahadi, mtoto yuko kimya ndani. Nikapiga magoti. Mume wangu akainua kichwa na kunitazama, na mara hii ni yeye aliyenishika nguo.

Mlango ukafunguka. Alisimama pale, macho mekundu, nywele zimemsimama upande mmoja, akatutazama chini.

"Mnafanya nini hapo?"

"Hatufanyi kitu," nikasema.

"Natafuta msumari," baba yake akasema.

Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Nilikuwa na maswali yamejaa mdomoni kama maji. Niliyameza.

"Kuna chakula?" akauliza.

Nilijaribu kusimama, miguu imekufa ganzi. Alinipa mkono akanivuta, na mkono wake ulikuwa umelowa, wa moto. Nilimpakulia. Alikula chote, akaongeza, sisi wawili tukiwa tumekaa mkabala naye tunajifanya tunakula. Akaosha sahani. Kisha akarudi chumbani na kufunga mlango, na mimi nikarudi kukaa pale pale sakafuni.